Taa Nyekundu na Mafuta ya Nazi

Jumatatu, 30 Januari 1961

Leo nimeapa. Sikupanga kuapa. Nimechokozwa.

Asubuhi nilimpeleka mama mkwe, Bi Barke, hadi feri. Gari lililia njia nzima. Si injini. Ni ule mkanda wa mpira ulio mbele ya injini, unaozungusha feni na dainamo. Ukikauka hulia. Bi Barke, kwa heshima ya mkwe na mkwe, hasemi nami uso kwa uso. Husema na mke wangu, Mwanatabu, nami nimekaa pale pale kama kiti. Akamwambia: "Mwambie mumeo gari lake lalia kama mbuzi aliyeona kisu. Harusi ya Mwanarehema tutakodi la Jumaa."

La Jumaa!

Mwanarehema ni mdogo wake mke wangu. Anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo, kabla Ramadhani haijatukuta, na bwana harusi, Faki, atatolewa kwao Mtongwe kwa gari mpaka kwa Bi Barke hapa Likoni. Mimi ndiye shemeji mwenye gari. Familia nzima gari ni moja. Halafu kijana wetu aletwe na Jumaa, yule dereva mwenzangu wa teksi, wa gari jeusi pale feri, anayeliita gari langu Kifuu kwa kuwa nililinunua kwa nazi?

Ndiyo, kwa nazi. Nilianza na chupa moja ya mafuta ya nazi, mlango kwa mlango. Chupa ikawa debe, debe likawa madebe, madebe yakawa gari. Sikurithi hata ufunguo.

Basi jioni, barazani kwa Mzee Idarus, mbele ya redio yake na watu wote wasikilizao redio yake, nikaapa. Wallahi Faki atafika kwa gari langu, na lisipomfikisha nitambeba mgongoni mwenyewe hadi mlangoni. Jumaa alikuwapo. Akaomba nirudie, ati hakusikia vizuri. Nikarudia.

Kisha nikaenda kuutibu mkanda. Bawaba ikilia hupakwa nini? Cherehani ikilia? Nikaupaka mafuta ya nazi, ndani na nje, kwa kitambaa safi. Nikawasha. Kimya! Kimya kama msikitini. Shilingi ngapi fundi angenitoza? Sijui wala sitajua.


Jumanne, 31 Januari

Kuna jambo dogo.

Mbele ya usukani pana taa nyekundu, ndogo kama punje ya kunde. Kazi yake ni kuwaka ufunguo ukizungushwa na kuzimika injini ikishika. Ikiendelea kuwaka, maana yake dainamo haiilishi betri. Leo injini imeshika na taa haikuzimika.

Nimefikiri kwa utaratibu. Taa ina miaka mingi. Mkanda haulii tena. Dainamo jana ilikuwa nzima. Kwa hiyo iliyoharibika ni taa. Imesahau kuzimika.

Ningeiacha, lakini Jumaa, pale kwenye foleni ya feri, aliingiza kichwa dirishani kwangu kunisalimu. Hanisalimii siku zote. Akaitazama taa, akauliza kama nimeanza kupika humo ndani. Nikamwambia ni pambo. Akasema ni pambo zuri, na akaenda kuwaita wenzake waje waone pambo.

Nimepata dawa. Kwa yule mama auzaye maua karibu na gati nilinunua kikuba kizuri, asumini na mkadi, vile wanawake wabandikavyo kifuani. Nikakining'iniza mbele ya usukani, palepale penye taa. Haionekani! Na gari linanukia. Abiria wawili wamelisifu. Kutoka ubaya nimetoa uzuri, na huo ndio mwendo wangu tangu chupa ya kwanza.


Jumatano, 1 Februari

Mwanatabu ameona kikuba.

Hakugomba. Heri angegomba. Alinipakulia wali mkavu, bila mchuzi, akakaa kwenye jamvi akaendelea kusuka ukili wake wa mkeka wa harusi. Kisha akaanza kusema na mlango, kama afanyavyo mama yake. Akauambia mlango umwambie mwenye gari kwamba kikuba huvaliwa na mwanamke. Akauuliza mlango ni mwanamke yupi. Mlango ukanyamaza. Mimi nikatafuna wali.

Ikanibidi kusema kweli. Nikampeleka garini, nikainua kikuba, nikamwonyesha taa. Akaitazama. Akanitazama. Akacheka hata akashika boneti. Kwamba mtu mzima afiche taa kwa asumini! Nikamwambia hakuna cha kucheka, mama yake akijua tu, Jumaa ndiye atakayemleta Faki.

Akaapa hatasema. Kwa furaha ya kupatana nikataka kumsaidia, nikaushika ule ukili. Akanipiga mkono. "Weka chini! Mikono yako ina mafuta. Ukili ukiingia mafuta hauvutiki, wavuta wateleza, wavuta wateleza, mkeka hukazi hata mwaka wa kesho."

Akaupangusa kwa majivu mpaka ukakauka. Kazi za wanawake zina taabu zake. Mimi nina gari la kushughulikia.

Usiku nimeupaka mkanda tena. Ulikuwa kimya, ila nataka ubaki kimya.


Ijumaa, 3 Februari

Hendeli! Leo gari halikuwaka kwa kitufe. Betri imekohoa mara moja ikalala. Nimezungusha hendeli ya chuma pale mbele hadi bega likalia kuliko mkanda. Basi taa haikusahau kitu. Dainamo kweli haiilishi betri. Nimeikubali hoja ya taa, kwa kuwa mimi si mbishi.

Nikaifungua dainamo. Fundi ninayemwamini kidogo ni Tsuma, wa Magongo. Wa hapa Likoni wote hunywa kahawa na Jumaa. Nikaitia dainamo kikapuni, nikaifunika kwa majani ya mgomba, nikavuka feri kwa miguu.

Jumaa alikuwa gatini. Akauliza nimebeba nini kizito hivyo. Papa, nikasema. Lilikuwa la kwanza kunijia. Akauliza nani atoaye papa Likoni akampeleka Magongo, bara, kwenye kiwanja cha ndege. Nikasema wenye ndege nao wanakula.

Tsuma ni mtu wa maneno mengi na hutafuna karanga huku akifanya kazi. Aliiunga dainamo na betri yake, ikazunguka yenyewe juu ya meza kama pia. Nzima! Akauliza mkanda uko vipi. Nikamwambia mkanda wangu ndio uliotunzwa kuliko mikanda yote ya pwani. Akasema kwa hali hiyo nimletee gari zima alitazame. Ah, hapo nikamjua. Ameona harusi inakaribia anataka kuniongezea kazi. Nikashukuru nikaondoka.

Nilipofika nyumbani Bi Barke alikuwa ameketi ukumbini akingoja. Jumaa alikuwa amepita kusalimu, na katika kusalimu akataja papa. Bi Barke hupenda papa wa nazi kuliko wajukuu. Nikazunguka Likoni nzima jua likizama. Nikapata ng'onda wawili, wamekauka kama makubadhi. Bi Barke akawatazama. Akamwambia Mwanatabu: "Mwambie mumeo, papa wa Magongo hawakui."


Jumamosi, 4 Februari

Nimeirudisha dainamo mahali pake. Nimekaza kila nati. Nimeupaka mkanda kwa ukarimu, maana baada ya safari ile kila kitu kilihitaji kutulizwa, na mimi pia.

Nikazungusha hendeli. Injini ikashika. Taa ikawaka. Ikabaki inawaka.

Nimekaa chini nikapiga hesabu. Vinavyohusika ni vitatu: dainamo, mkanda, betri. Dainamo imepimwa, nzima. Mkanda ninautunza mwenyewe. Tatu toa mbili ni moja. Betri!

Sijui kwa nini watu hulipa mafundi.


Jumapili, 5 Februari

Betri nzuri katika Likoni, nje ya magari, ni moja. Ni ile ya redio ya Mzee Idarus. Kubwa, kama yangu, huchajiwa kila mara kwa ajili ya habari.

Mzee Idarus ni mtu mwema, na kumwomba mtu mwema kitu ni kumtia katika tabu ya kukubali. Sikutaka kumtia tabuni. Alipokwenda shamba asubuhi nikapita kwa nyuma, nikachukua betri yake, nikaweka yangu. Nikazipaka nyaya zake mafuta kidogo, zisipate kutu. Si wizi. Mwizi haachi kitu, wala hapaki mafuta.

Gari likawaka kwa kitufe! Taa bado nyekundu, lakini nimeipa muda izoee betri mpya. Nikapiga safari za Shelly Beach mchana kutwa, nikampita Jumaa mara tatu, na mara ya tatu nikampigia honi.

Jioni barazani palijaa. Taarifa ya habari ilikuwa inasubiriwa kwa sababu ya mambo ya Mwambao, kama pwani itabaki na bara au itakaa peke yake, na barazani kuna wa huku na wa kule. Mzee Idarus akaifungua redio. Ikasema neno moja: "Serikali." Kisha ikakata.

Watu wakatazamana. Mmoja akasema wameizima. Nani? Wao. Mzee Idarus akasema polepole kwamba hili alilijua, kwamba siku ya kusemwa kweli juu ya pwani redio itafungwa. Wakabishana mpaka Isha gavana amefanya vile kwa hofu au kwa hila. Wakaniuliza mimi naonaje. Nikasema kwa hofu.


Jumanne, 7 Februari

Mambo mawili yameharibika.

Kwanza, betri ya Mzee Idarus. Imelala garini mwangu kama ile ya kwanza. Siku mbili tu! Nimesikitika kwamba hata mzee mwenye heshima anaweza kununua betri dhaifu.

Pili, Mzee Idarus mwenyewe. Aliipindua redio aone kama gavana amekata waya. Akaona betri haina vumbi lake. Akainamisha pua. Wakaitwa watu, na kila mtu akainamisha pua. Kisha akatumwa mtu kuniita, nami nikaitika labeka, nikaenda bila kujua, nimevaa kanzu safi.

Akanisimamisha mbele ya baraza. "Badi, mwanangu. Betri hii yanuka nywele za wari. Ni nani hapa Likoni apakaye mafuta kila kitu?"

Jumaa alicheka mpaka akatoka nje. Wale wa gavana ndio waliokasirika zaidi, kwa kuwa walikuwa wameshaanza kusema hadharani.

Hukumu: nipeleke betri zote mbili ng'ambo zikachajiwe, na ya kwanza kujaa irudi kwenye redio. Na mpaka irudi, mimi ndiye redio. Jioni nitaketi barazani nisome gazeti kwa sauti, toka mwanzo mpaka matangazo ya baiskeli.

Nimesoma leo. Wamenisahihisha matamshi mara nyingi sana. Jumaa aliniomba nipunguze sauti, akauliza kitufe kiko wapi.


Alhamisi, 9 Februari

Mzee Idarus amepata betri yake asubuhi. Yangu nimeipata Alasiri, imejaa kabisa. Nimeibeba mikononi kutoka gatini kama mtoto wa siku saba.

Sasa nina hesabu ambayo haina tundu. Betri iliyojaa, hata bila kulishwa na dainamo, ilinipa safari za siku mbili. Kutoka hapa hadi Mtongwe na kurudi si safari hata ya nusu siku. Kwa hiyo taa na iwake, hata iwe nyekundu kama hina. Kesho Faki atafika, nami nitaitafuta dawa nikiwa shemeji mwenye heshima.

Mwanatabu ameuliza kama si vyema kumwambia Jumaa awe karibu, tahadhari tu. Nilimwonyesha hesabu. Akasema hesabu nzuri. Akauliza kama nimemhesabu Faki, maana Faki ana uzito wa frasila tano na nusu, na mimi ninayo nadhiri.

Gari nimeliosha, nimelifunga utepe. Mkanda nimeupaka mara ya mwisho, wenyewe unang'aa.


Ijumaa, 10 Februari

Naandika nimelala kifudifudi, kwa sababu mgongo haukubali namna nyingine.

Baada ya Alasiri nilikuwa Mtongwe. Faki akatoka kwao na joho, kilemba na upanga kiunoni, amekaa nyuma peke yake kama sultani. Gari likawaka mara moja. Hapo ndipo nilipoonewa. Mimi nilipiga hesabu ya safari, hakuna aliyenieleza kwamba mbele ya gari watakwenda vijana wa matari, na mbele yao wazee, na gari litambae nyuma yao kwa mwendo wa mzee mwenye mkongojo. Tena wakataka honi. Bwana harusi hapelekwi kimya, wakasema. Nikapiga honi. Wakasema zaidi. Watoto wakataka taa kubwa ziwashwe, tena mchana. Nikaziwasha, harusi ni harusi. Honi na taa, taa na honi, Mtongwe mpaka Likoni, na betri hailishwi hata tonge. Nyuma yetu, kwa bahati tu, gari jeusi la Jumaa, tupu, limeoshwa, likitufuata polepole.

Honi ikaanza kuwa nyembamba. Kisha ikawa kama ya mbu. Mlango wa Bi Barke nikauona, uko pale, wanawake wamejaa barazani na pembe za ngoma ya vugo mikononi. Injini ikatikisika mara moja ikafa.

Nikajaribu kitufe. Hakuna. Nikainua boneti nikatazama ndani, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama mimi. Matari yakanyamaza moja moja. Jumaa akashuka akaja taratibu, akamfungulia Faki mlango, akamwambia kwa adabu gari lingine liko tayari.

Mzee Idarus akasema hapana. Akauliza watu kama wanakumbuka kiapo. Wote walikumbuka! Watu ambao hawakumbuki jana walikula nini, walikumbuka neno kwa neno.

Faki alikuwa na haya, maskini. Aliniomba radhi kabla ya kupanda. Nikainama. Akapanda na joho na upanga, na kipini cha upanga kikakaa kwenye ubavu wangu wa kushoto na kikabaki hapo. Hatua ya kwanza niliona nyota. Matari yakalipuka upya, wanawake wakapiga vigelegele vya kupasua masikio. Wallahi hawakupiga hivyo wala kwa harusi yangu.

Nilipotua kuvuta pumzi, Faki bado mgongoni, nikamwona Bi Barke. Ametoka barazani kwake na kopo la poda la kumrushia bwana harusi, akatupita sisi wawili akaenda moja kwa moja kwenye gari. Akaingiza mkono chini ya boneti. Akaushika mkanda kwa kidole, akanusa kidole. Kisha akanigeukia mimi mwenyewe. Si mke wangu, si mlango. Mimi. Tangu nioe hajapata kusema nami.

"Badi, mwanangu, huu ni mkanda ama ni nywele?"

Akasema mkono wenye mafuta haushiki kitu, na wao huko ndani wamekuwa wakimsinga bi harusi kwa mafuta siku saba, na kila mkono ukiteleza hutiwa poda. Akaupangusa mkanda kwa ncha ya leso yake, akaumwagia kopo zima. Wingu likapanda. Akafunga boneti, akawaambia vijana wa matari wasukume.

Nani atashika usukani? Mimi nina mtu mgongoni. Jumaa akaingia. Jumaa! Katika gari langu! Betri ilikuwa imepumzika kidogo wakati mimi sipumziki. Walisukuma, gari likakohoa, likashika. Nikasikia injini ikija nyuma yangu, nzuri, nzito, inapanda. Likafika ubavuni kwangu. Jumaa akatoa kichwa dirishani akaniambia pambo langu limezimika.

Limezimika kweli. Nilichungulia. Taa haikuwaka.

Faki akateremka mgongoni, akapanda garini kwa zile hatua za mwisho, akafika mlangoni kwa Bi Barke kwa gari langu, kama nilivyoapa. Mimi nimefika nyuma, kwa mikono na magoti, lakini nimefika.


Jumamosi, 11 Februari

Ushindi! Likoni nzima inaisema harusi hii. Bi Barke ameniletea sinia ya pilau peke yangu, na juu yake kipande cha papa. Papa wa kweli. Amemwambia Mwanatabu, mimi nikiwapo: "Mwambie mumeo gari lake lina adabu sasa." Amerudi kusema na mke wangu. Nimefurahi. Ile ya jana ilinitisha.

Mzee Idarus amenisamehe. Habari zimerudi redioni, lakini wengine barazani wanasema mimi nilikuwa nasoma vizuri zaidi.

Asubuhi amekuja mtu kutoka Mtongwe, ana kijana wa kuoza baada ya Idi. Nikamwambia gari langu liko tayari. Akasema gari watatumia la Jumaa, ila wangependa mgongo wangu.

Nimemwambia nitafikiri. Nimemuuliza kijana wake ana frasila ngapi.


Jumatatu, 13 Februari

Watu wanavunja jungu kila nyumba, wanakula kama Ramadhani ni mwaka mzima. Mimi nimefanya kazi.

Tangu jana mkanda umeanza kulia tena. Ni ile poda. Bi Barke aliitia kwa nia njema, simlaumu mama mkwe, lakini poda hukausha, kila mtu anajua. Gari lilikuwa limeshapona kwa mafuta. Yalihitaji tu muda wa kupenya, na poda imeyakatiza. Leo nimeusafisha vizuri, poda yote imetoka, nikaupaka mafuta ya nazi mabichi, yale ya daraja la kwanza. Kimya!

Jumaa alipita akasikia kile kimya. Gari lake siku hizi linalia vibaya. Akauliza, bila kejeli mara hii, natumia nini. Tangu aendeshe Kifuu amekuwa mtu mwingine, na mimi si mtu wa kinyongo. Nikamfungulia boneti, nikampaka wake kwa mkono wangu mwenyewe, mara mbili. Akanishukuru. Amani kabla ya mwezi mtukufu.

Alasiri taa yangu imewaka. Haikuzimika. Baada ya saa moja Jumaa amekuja mbio. Na yake!

Tumekaa sote wawili tukapiga hesabu. Magari ni mawili, ya miaka tofauti, betri tofauti, dainamo tofauti. Kitu kilicho sawa katika yote mawili ni kimoja tu, nacho ni hewa ya hapa gatini. Chumvi ya bahari! Haina dawa, ni kuivumilia.

Nimenunua vikuba viwili, kimoja changu na kimoja cha Jumaa. Mwanatabu nitamweleza akishaviona.